Kidari cha Bibi Ndeshau

Sogeeni. Mwenye kunyonyesha anyonyeshe, mwenye kumenya ndizi amenye. Hadithi hii inataka masikio tu, mikono iacheni na kazi yake. Mwishoni kuna swali, na ole wake atakayekuwa amesinzia.

Aliyemwambia Bibi Ndeshau kwamba kihamba chake kinauzwa alikuwa Manka, mkata majani. Kabla ya Manka hakuna aliyemwambia, ingawa habari ilikuwa yake na kihamba kilikuwa chake. Lakini tusitangulie. Wajueni kwanza wanawake watatu.

Manka alijaliwa macho. Alipita njiani na mzigo wa majani kichwani, shingo haigeuki, lakini akifika kwake anajua ng'ombe wa nani ana mimba, mgomba wa nani umeanguka, na mke wa nani amenuna. Na akishajua, mdomo wake haulali nalo.

Haikaeli alijaliwa masikio. Alikuwa mke mgeni, ameolewa kutoka upande mwingine wa mlima, ana mtoto mchanga mgongoni na haya nyingi usoni. Mbele za watu sauti yake iliishia kooni. Lakini asiyesema sana husikia mengi, na Haikaeli alisikia hata yale ambayo mtoto wake hajaweza kuyasema.

Lutgarda, wa tatu, hakuna aliyejua amejaliwa nini. Alikuwa mke wa Elirehema, basi. Ukimsalimu, aliitikia. Ukimuuliza jambo, alimtazama mumewe.

Bibi Ndeshau mwenyewe alikuwa mjane asiye na mtoto. Miaka ya nguvu zake ndiye aliyeitwa mwanamke akishikwa na uchungu. Nusu ya watu wa kijiji kile walipokelewa na mikono yake. Mumewe alimwachia kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, mahali ambapo mtu wa kule huzaliwa na hapo hapo huzikwa. Alimwachia na ng'ombe mmoja mwema. Kisha kiharusi kikampiga. Kikaulaza mkono wake wa kulia, kikauvuta mguu, na kikamfungia ulimi.

Ukoo ukakaa, ukamwita Elirehema, mtoto wa mdogo wa marehemu mumewe. Wakamwambia, "Huyu ni mama yako mkubwa. Mtunze."

Mwanzoni alimtunza. Kusema kweli, mwanzoni alimtunza vizuri. Kisha maziwa ya yule ng'ombe yakaanza kuvuka ua kwenda nyumbani kwa Elirehema na kutorudi. Bibi Ndeshau akabaki na uji, kisha uji ukawa wa jana, kisha siku nyingine ukawa haufiki. Mikungu ya ndizi ikashuka sokoni, yeye akalala na njaa katikati ya migomba yake. Mwishowe mlango ukawa unafungwa kwa nje, "asije akaanguka," alisema Elirehema.

Na akili yake ilikuwa nzima! Hilo ndilo lililomuumiza kuliko njaa. Mgeni akija kumjulia hali, Elirehema alisimama mlangoni akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama mkubwa hajambo mwili, ila kichwa kimeshaondoka. Hata mimi hanijui."

Bibi Ndeshau, ndani, alijibu kwa nguvu zake zote, "Nakujua! Nakujua tangu ulipokuwa ukikojoa kitandani!" Lakini kilichotoka kinywani kilikuwa mkoromo na mate, na mgeni alisema pole, akaondoka.

Sasa Manka. Kila asubuhi alipita nyuma ya nyumba ile na mzigo wake, na kila asubuhi aliangalia paa. Nyumba ya mtu hutoa moshi. Ile haikutoa. Akaona mikungu inatoka. Akaona ndoo ya maziwa inavuka ua. Akajiambia, ya watu hayo, Manka, utakatwa ulimi. Lakini siku moja alimwona Elirehema akitembea na mgeni kando ya masale, ile mimea ya mpakani ambayo watu wa mlimani hawaigusi ovyo. Mgeni alikuwa ameshika kamba ya kupimia. Manka akasubiri wapite, akautupa mzigo chini, akabandika mdomo kwenye dirisha.

"Bibi Ndeshau! Upo hai?"

"Mm," ilitoka sauti ndani.

"Basi sikia, na usife kwanza. Elirehema anauza kihamba chako. Nimemwona na mtu mwenye viatu vyeupe wanapima kwenye masale. Na mtu mwenye viatu vyeupe haji kununua ndizi!"

Bibi Ndeshau alilia. Alilia kwa uchungu wa kihamba, ndiyo, lakini uchungu haukuwa peke yake. Tangu augue, watu walisema juu yake. Manka alikuwa wa kwanza kusema naye. Akaunyoosha mkono wa kushoto hadi dirishani, na Manka akaushika.

Hapo Manka angeweza kwenda zake, maana ameshasema. Badala yake aliteremka hadi ofisi ya kata, kwa ofisa ustawi wa jamii. Akaambiwa ofisa ana kazi, aje kesho. Kesho yake alikuja na mzigo wa majani, akaukalisha mlangoni, akaukalia.

"Mama, unazuia njia," aliambiwa.

"Nikiondoka mimi, majani yatabaki. Na ng'ombe wangu nitamleta ayafuate hapa hapa."

Ofisa, mama mmoja mnene mpole, alitoka mwenyewe kusikia kelele ni za nini. Aliposikia, alichukua mkoba wake. Alipanda mlima kwa miguu, akaamuru mlango ufunguliwe, akamkuta Bibi Ndeshau alivyokuwa, na sitawaeleza alivyokuwa, maana kuna watoto hapa. Akamwambia Elirehema, "Hakuna kuuza kitu mpaka baraza la kijiji likae." Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, wewe unataka nini?"

Bibi Ndeshau akaeleza. Alieleza yote, kwa mpangilio, tangu mwanzo. Hakuna aliyeambulia hata neno. Elirehema, kwenye kona, akatabasamu.

"Asiyeweza kusema si asiye na la kusema," alisema ofisa. "Lakini siwezi kulipeleka mbele ya baraza jambo nisilolielewa."

Kwa hiyo macho ya Manka yalifungua mlango, lakini hayakumfungua ulimi Bibi Ndeshau. Hapo ndipo akaingia Haikaeli.

Ofisa alitafuta jirani wa kumpelekea mgonjwa uji mpaka siku ya baraza. Wengi walikuwa na shughuli zao, kwa maana Elirehema alikuwa na maneno makali. Haikaeli hakusema ndiyo wala hapana; kesho yake alionekana tu akivuka mfereji na bakuli. Alimwosha Bibi Ndeshau kwa maji ya moto, akambadilisha shuka, akamlisha, kisha akakaa mkekani kunyonyesha. Hakuwa na la kusema, wala Bibi Ndeshau hakuwa na ulimi. Walikaa hivyo, kimya chao kikawa kizuri.

Siku moja Bibi Ndeshau alionja uji akakoroma jambo. Haikaeli akainua kichwa. Akasikiliza kama alivyomsikiliza mtoto, pale ambapo sauti ya njaa si sauti ya usingizi, wala sauti ya usingizi si sauti ya kuchoka kubebwa.

"Umesema..." alianza, akaona haya, akaendelea. "Umesema uji hauna sukari?"

Bibi Ndeshau alicheka mpaka uji ukamwagika. Nani angedhani? Baada ya miezi yote ile, neno lake la kwanza kumfikia binadamu mwenzake lilikuwa la kulalamikia sukari! Haikaeli naye akacheka, na mtoto akacheka kwa sababu mama yake anacheka. Kuanzia hapo walisema kila siku. Maneno ya Bibi Ndeshau yalikuwa yamekatika vichwa, lakini yalikuwa na wimbo wake, na Haikaeli akaujua ule wimbo.

Siku ya baraza ikafika. Bibi Ndeshau alibebwa kwa kiti. Elirehema alisema vizuri sana, shati limenyooshwa. Alisema anampenda mama mkubwa, kwamba mgonjwa ni kama mtoto mchanga, hajui kushoto wala kulia, na yeye anauza ili apate cha kumtibu.

Mwenyekiti Temba akauliza kama mama mwenyewe ana neno. Bibi Ndeshau akakoroma. Vijana wa nyuma wakacheka. Ndipo Haikaeli akasimama, macho yake kwenye mguu wa mtoto wake.

"Anasema hauzi."

"Huyu anabuni!" Elirehema akaruka. "Hata sisi wa damu hatumwelewi. Amewezaje huyu aliyekuja juzi? Binti, wewe ni mganga?"

Watu wakacheka tena. Haikaeli alitaka kukaa. Bibi Ndeshau alimwona akianza kuinama, akasema moyoni, mwanangu, usikae. Usikae sasa. Na Haikaeli hakukaa.

Mwenyekiti akafikiri. Kisha akasema, "Nitamuuliza mama jambo ambalo mke huyu mgeni hawezi kulijua. Mama Ndeshau, mimi nilizaliwa wapi?"

Bibi Ndeshau akajibu. Haikaeli akasikiliza, akashtuka, akaona haya mpaka masikio.

"Sema," alisema mwenyekiti.

"Anasema... anisamehe mwenyekiti. Anasema ulizaliwa ndani ya mfereji. Mama yako alikuwa anachota maji. Anasema ulitanguliza makalio, na ulipotoka ulikuwa umefunikwa na matope, akakudhania chura."

Baraza zima lilivunjika mbavu. Mwenyekiti alivua kofia, akajifunika uso, mabega yakatikisika. Aliposhusha kofia, macho yake yalikuwa na machozi.

"Mama yangu alinificha aibu hiyo, akaniambia siku moja tu, kabla hajafa," alisema. "Aliyebaki anayeijua ni mmoja. Mama huyu ana akili zake timamu."

Kwa hiyo masikio ya Haikaeli yalimrudishia Bibi Ndeshau ulimi. Mngedhani kesi imekwisha. Lakini mtu wa hila ana milango miwili.

"Vizuri," alisema Elirehema, wala hakutetemeka. "Kama ana akili, basi alikubali kwa akili zake. Dole gumba lake lipo kwenye karatasi ya mauzo. Leo amebadili mawazo kwa kushawishiwa na majirani. Na aliyeshuhudia ni mke wangu. Lutgarda! Waambie."

Alizoea kumwita, na alizoea kuitikiwa. Lutgarda alisimama pale upande wa wanawake, mtoto mdogo amemshika gauni. Alimtazama mumewe kama siku zote. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: akayaondoa macho yake kwa mumewe, akayapeleka kwa Bibi Ndeshau.

"Nilikuwepo, usiku wa kuamkia siku aliyopanda ofisa," alisema. "Mama hakukubali. Alikuwa anampiga mume wangu begani kwa mkono wa kushoto. Mume wangu akauchukua mkono wa kulia, huu uliolala, akaupaka wino, akaubonyeza. Mkono uliokubali ni ule usiokuwa na habari."



"Lutgarda, kaa chini," alisema Elirehema polepole.

"Nitakaa nikimaliza. Maziwa ya ng'ombe wake tumeyanywa. Mimi nimeyanywa, na wanangu nimewanywesha. Nilijua ni ya nani. Mlango ukifungwa kwa nje, wakati mwingine mfungaji nilikuwa mimi. Nimemaliza."

Akakaa.

Baraza likakataa mauzo. Jambo la Elirehema likapelekwa polisi, na kutoka huko mahakamani, ambako hadithi hii haiendi. Ofisa ustawi akasimama akasema kwamba kuanzia siku hiyo mtu asimwekee Bibi Ndeshau karatasi mbele yake bila kumsomea, bila kuwepo anayemwelewa, na bila ofisi yake kushuhudia. Kisha akauliza tena lile swali lake.

"Mama, wewe unataka ukae na nani?"

Bibi Ndeshau akamtaja binti wa kaka yake, na binti akahamia kwake kihambani siku hiyo hiyo. Jioni ile alilala kwenye nyumba yenye moto. Alishukuru kwa moto. Alishukuru kwa maziwa, kwa mlango uliofungwa kwa ndani. Alishukuru zaidi ya yote kwa kuulizwa.

Lutgarda hakulala kwake. Alikuta sufuria na godoro lake vimetupwa nje ya ua, akavikusanya, akashuka na wanawe hadi kwa kaka yake karibu na barabara. Huko wifi yake anamhesabia matonge mpaka leo.

Sasa fungueni masikio, tunafika penyewe.

Bibi Ndeshau alipopata nafuu ya kusimama na fimbo, kaka yake alileta mbuzi wa shukrani. Kwao mbuzi hachinjwi akagawanywa ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Mgongo una mwenyewe, paja lina mwenyewe, kichwa kina mwenyewe. Kidari ni cha yule unayemshukuru kuliko wote. Kidari hakikatwi vipande, maana ukikikata umewatukana wote uliowagawia. Wala hakitumwi kwa mkono wa mtu. Aliyeshukuru hukipeleka mwenyewe, kesho yake asubuhi, kabla nyama haijalala mara ya pili.

Watu walikaa uani wakala nyama ya kuchoma na kunywa mbege, pombe yao ya ndizi, na ubishi ukaanza.

"Kidari ni cha Manka," alisema kaka mtu. "Bila macho yake, wengine wangesikia nini? Wangesema nini? Tungekuwa tumeshamzika."

"Sawasawa!" alisema Manka mwenyewe. "Nami sipendi chumvi nyingi."

"Wewe Manka uliona siku ngapi ukanyamaza?" alidakia mama mmoja mzee. "Moshi ulikosekana tangu lini? Kidari ni cha mtoto huyu Haikaeli. Hakuwa na ndugu hapa, hakuwa na sauti, na bado alisimama. Amemlisha, amemwosha, amemsemea."

"Mpeni Manka," alisema Haikaeli kwa sauti ambayo jirani yake tu aliisikia. "Mimi nilipeleka uji."

Ndipo mwenyekiti Temba akaingilia. Akaweka kibuyu chini. "Manka alipoteza siku zake. Haikaeli alishinda haya zake. Lakini Lutgarda amepoteza nyumba. Na bila neno lake, karatasi ile ingesimama hadi leo."

"Lutgarda apewe kidari?" mtu mmoja akacheka. "Apewe maziwa, si ameshayazoea!"

Kicheko kikapanda. Lutgarda, aliyekuwa amekaa karibu na ua kama mtu asiyejua kama amealikwa, aliinama. Bibi Ndeshau akapiga fimbo chini, akakoroma kwa ukali.

"Anasema mnyamaze," alisema Haikaeli.

"Hilo tumelielewa wenyewe," alisema Manka.

Lutgarda akaondoka kabla ya wengine. Alipopita mbele ya Bibi Ndeshau alipunguza mwendo. Bibi Ndeshau alimshika mkono. Mkono ule aliukumbuka. Ndio uliofunga mlango. Na aliikumbuka sauti iliyosema nitakaa nikimaliza. Hakujua afanye nini na kumbukumbu mbili za mtu mmoja. Akaushikilia mkono, kisha akauachia.

Kidari kikafunikwa, kikatundikwa juu ya meko.

Asubuhi yake Bibi Ndeshau aliamka kabla ya binti wa kaka yake. Alinawa uso kwa mkono wa kushoto. Alikitungua kidari, akakifunga kwa jani la mgomba, akakitia kwenye kanga na kuifunga shingoni kwa meno na vidole vitano. Akatoka. Tangu augue, hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka katika kihamba chake kwa miguu yake. Alikwenda polepole, akivuta mguu, umande ukimlowesha, na kila hatua alimshukuru Mungu na watu, mpaka akavuka mpaka na kufika pale njia zinapoachana. Ya juu inakwenda kwa Manka. Ya kando ya mfereji inakwenda kwa Haikaeli. Ya chini, ndefu kuliko zote, inateremka barabarani hadi kwa Lutgarda.

Alisimama hapo. Mguu wake una nguvu za njia moja tu, na jua linapanda.

Haya, ninyi mliosikiliza. Aliyeona na kwenda kusema, aliyesikia na kusemea, na aliyekosa kisha akasema kweli iliyomgharimu nyumba. Fimbo ile ingekuwa mkononi mwako, na kidari kile shingoni mwako, ungeshika njia ipi?